Jina Lake Kwenye Kigae Kibichi

Katika ukumbi ninaofanya usafi hapa Dubai yaliletwa maonyesho ya vigae vya Warumi wa kale, vya majimbo yao ya mbali. Mwongozaji aliwaeleza wageni kwamba mhuri ni wa mwenye kiwanda, lakini alama ya vidole pembeni ni ya mfanyakazi. Vigae vilipoanikwa, mbwa na watoto walivikanyaga. Kimoja mtu alikikwaruza kwa kijiti kikiwa bado kibichi, akimsema mwenzake kuwa ni mtoro wa kazi.

Wageni walicheka. Mimi niliegemea fagio. Mtoro ndilo neno alilopakwa mdogo wangu akiwa kaburini.

Alikuwa akitengeneza vigae vya paa, vya saruji, katika yadi moja nje ya mji. Saa ya kupumzika mchana, foromani wake, mtu wa kwetu pwani, alimwambia amalize safu kwanza. Alianguka juani, akafa. Matangani foromani alisema kijana alikuwa mtoro, ndiyo maana jua lilimshinda. Watu walikuwa wanakula wali wetu, wakaitikia.

Baadaye foromani akapata safari ya hija. Kwetu anayekwenda hija huzunguka kuomba radhi kwa aliowakosea. Alinitumia ujumbe, nikamjibu nitakuja yadini mwenyewe.

Nilimkuta na kanzu safi, kando ya vigae vilivyotoka kumiminwa. Akasema yaliyopita tuyaache, sote tutarudi kwa Mungu. Nikaokota msumari. Nikaandika kwenye kigae jina lake, jina la baba yake, na kwamba alimnyima mdogo wangu kivuli mpaka akafa. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, lakini unasomeka. Vijana wawili wa kwetu waliokuwa kazini walisogea wakasoma.

“Dada, hicho kitapanda paa la watu,” alisema foromani.

“Wacha kipandishwe. Au waambie hawa, kwa kiapo, kwamba alikuwa mtoro.”

Alichukua mwiko akasawazisha saruji mpaka herufi zikapotea.

“Umefuta kigae,” nikamwambia. “Radhi sijatoa.”

Alikwenda hija, akarudi. Mtaani kwetu Bur Dubai wanamwita Haji na kumpisha njia. Tukikutana madukani husimama, akanitazama usoni akisubiri niseme neno. Mimi humwitikia salamu yake, kisha naendelea kuchagua vitambaa.