Sista wa Kisiagi Asiyejibu Salamu

Saa moja asubuhi, kijijini Moding. Sista Leonida Alaso amebana shela yake kwa pini nyuma ya shingo ili isinaswe na mkanda wa mashine. Anamimina mahindi kwenye kisiagi, anapapasa unga unaotoka, anarekebisha. Wanawake wachache wako kwenye foleni.

"Yoga, Sista!" anamsalimu Mama Sharlyne kwa Kiteso.

Sista anampa mkono uliojaa unga na kutabasamu. Hasemi kitu.

"Muone! Mdomo iko na kufuli, ufunguo iko kwa Mama Mkuu," Mama Sharlyne anawaambia wenzake. Wanacheka. Mabega ya Sista yanatikisika.

Shirika lake, Masista wa Bethania, hunyamaza tangu sala ya usiku hadi kengele ya saa mbili asubuhi. Wao husema ni muda wa kumsikiliza Mungu. Majirani wengi husema ni maringo. Huku ukisalimiwa usipojibu, umetukana mtu.

Kengele inalia.

"Haya, nani alisema unga wangu uko na mchanga?" anauliza Sista, na sauti inaishinda mashine.

Sista Alaso, 46, ni binti wa fundi wa malori mjini Malaba. Alijua spana kabla ya rozari. Anayedhani masista hushinda wamepiga magoti humchekesha.

"Zamu yangu ikifika naosha choo. Kuna sista anakoroma, kuna mwingine akinuna ni wiki nzima. Hii ni nyumba ya wanawake kumi na mmoja, mlifikiria nini?"

Kisiagi hiki ndicho huwalisha. Siku ya soko kilikuwa kikisaga hata magunia kumi. Leo, matatu yakipatikana ni bahati.

Mambo yaliharibika Februari. Jirani yao, Rosebella, alifika mapema na mahindi ya matanga ya mumewe.

"Aliniambia, 'Sista, Bwire ametuacha.' Nikainamisha kichwa, nikasaga, nikamfungia gunia. Kanuni inaruhusu kusema kukiwa na lazima, kama moto au mgonjwa. Mimi nikaona pole inaweza kungoja kengele. Kengele ilipolia, alikuwa ameshaenda."

Kabla ya mazishi, Moding nzima ilikuwa na habari: masista hawana moyo. Wateja wakahamia kisiagi cha sokoni.

Alikwenda kuomba msamaha. Rosebella akampa kiti, akamletea chai, akaketi mbele yake bila kutamka neno. Sista alipomaliza kusema yake, mwenyeji alichukua kikombe na kuingia ndani.

"Alinirudishia kimya changu," anasema.

Sista aliwaza kuomba kisiagi kifunguliwe baada ya kengele, lakini haingefaa: wanawake husaga kabla ya kwenda shambani. Akaomba ruhusa ya kujibu salamu. Masista wazee walikataa: kimya ni cha tangu shirika lianzishwe. Walimruhusu kutoa mkono tu. Ndio huo anaogawa kila asubuhi, na wateja wachache wamerudi.

Rosebella hajarudi. Hupita langoni na mahindi kichwani, akielekea sokoni.

Agosti baraza la shirika litaamua kama kisiagi kifungwe. Kikifungwa, Sista Alaso atahamishwa, na sista hachagui kituo.

"Kuhama sijali, nimehama mara nne. Lakini nikiondoka hivi, yule mama atabaki akiamini kwamba tulimdharau siku ya msiba."

Na akija kesho, kabla ya kengele?

"Nitamwambia pole, na kwa sauti. Halafu niende kwa Mama Mkuu niseme nimevunja kanuni."

Mama Mkuu, Sista Nasambu, anapita na ndoo ya maji. Anasimama.

"Usije kwangu," anasema. "Hiyo ni lazima. Hata ile siku ilikuwa lazima."

Sista Alaso anajifuta unga mikononi, anaangalia barabara.

"Sasa aje tu," anasema.