Mzee Ambaye Hakupatikana

Kwenye tovuti ya chuo alichosoma binti yangu pana kisanduku cha kumuuliza mkutubi. Nilikifungua nikiwa nimekaa barazani, hapa kwangu mteremko wa Meru, mkutubi akaniandikia, "Habari, karibu. Nikusaidie nini?"

Nikajibu ni nzuri, nikauliza habari za huko na kama mvua zimeanza. Kisha nikasubiri shikamoo yangu. Siwezi kumweleza mtu shida kabla hatujasalimiana vizuri. Nilipokaa bila kuandika, kisanduku kikajifunga.

Nilipofungua tena alikuwa yuleyule.

"Umerudi, ndugu yangu?"

"Mimi ni mzee."

"Aa! Shikamoo baba. Nisamehe, huku hatuonani sura."

"Marahaba. Natafuta tasnifu ya binti yangu. Ni ya mifereji ya maji."

Aliniomba jina la binti. Sikuwa nimeliandika tangu nilipomwandikia fundi wa msalaba.

"Ipo, baba. Ila kuisoma yote ukiwa nje ya chuo inahitaji ruhusa ya mwandishi. Mwambie atuandikie tu."

"Hawezi. Tumemzika kwenye migomba, nyuma ya nyumba."

Akaandika, "Pole sana, baba yangu. Naruhusiwa kukutumia sura moja. Unataka ipi?"

Nikamwambia ile ya mfereji wetu.

Binti yangu alipokuwa akiiandika alikuja nyumbani na kinasa sauti. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa zamu za maji, na kwetu mwanamke hafiki kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, wala hakai kwenye kikao cha mfereji.

"Baba, maswali manne tu."

"Hata moja. Mambo ya banio ni ya wanaume. Kaulize huko chini, kwa wasio na miiko."

"Kwa hiyo niandike kwamba baba yangu ana miiko?"

"Andika unachotaka."

Alicheka, lakini alifunga begi. Alifanya kazi yake yote akilala kwa shangazi yake, ng'ambo ya korongo. Wazee wenzangu walimjibu. Mimi nilikuwa namwona akipita kwenye njia ya juu, nageuka naendelea kukata majani ya ng'ombe.

Sura ilifika. Ni Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo nilisoma taratibu, kidole juu ya kioo cha simu. Ameeleza vizuri mawe ya banio, na faini ya mwizi wa maji. Nilipofika kwenye ugawaji wa zamu nikakuta ameandika kwamba mzee mwenye kazi hiyo hakupatikana kwa mahojiano.

Hakuandika kwamba nilikataa.

Nikamrudia mkutubi. "Hapo aliposema hakupatikana, nilikuwepo. Nilikuwa nyumbani. Mnaweza kurekebisha?"

"Tasnifu ikishahifadhiwa haibadilishwi, baba. Samahani."

"Sawa."

"Kuna kingine?"

Nikaanza kumwandikia. Kwamba zamu ya kwanza ni ya aliyefiwa. Kwamba mjane hapewi maji ya usiku, maana hana wa kumlindia. Kwamba mgawaji mwenyewe anamwagilia wa mwisho, hata shamba lake likauke. Vidole vyangu ni vizito, lakini safari hii kisanduku hakikujifunga.

Alisubiri mpaka nikamaliza.

"Asante baba, nimesoma yote," akaandika. "Naomba nimhudumie na mwingine, anasubiri."