Ishirini ya Baba, saba ya mume wangu, na dari lililompika Bibi

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni kutunga riwaya, kwa hiyo mna haki ya kunitilia shaka. Lakini hili sikulitunga. Lilitokea nyumbani kwetu Ansab, hapa Muscat, miaka ya tisini inakaribia kwisha, na mashahidi wote wako hai na ni wabishi.

Baba yangu ni mhandisi. Alitoka Unguja kijana, na koti la kuazima, akaenda kusoma Urusi. Yeye akiwa kule, mama yake, yaani Bibi yangu, akahamia Oman. Wakaja kuonana hapa Muscat, Baba ana mvi.

Toka hapo Baba alikuwa na ombi moja tu duniani: mama yake aishi kwake.

Bibi alikuwa Bustan kwa shangazi, anasikia bahari kitandani, na hakuona sababu ya kuhama. Mwishowe akakubali kuja kujaribu. "Nnakuja na begi dogo," akasema. "Nikiona joto, nnarudi."

Joto aliliona siku ile ile.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, chini ya dari la zege. Jua la huku linalipiga zege mchana kutwa, na zege halina usahaulifu. Jioni linakurudishia yote uliyodhani yamekwisha. AC Bibi haitaki. Anasema ule ni upepo wa kwenye friji, unamwingia magotini.

Basi ikabidi dari lenyewe lizuiwe. Na hapo ndipo anapoingia mume wangu, Seif.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumeoana. Seif ni fundi wa mambo ya AC aliyesomea Uingereza, na alikuwa akimwogopa Baba kama mtoto anavyomwogopa mwalimu wa chuoni. Baba naye alimpenda, ila hakujua amwambieje. Kazi ya dari ikawa ndiyo posa ya pili.

Naomba mnivumilie kidogo na hesabu, ni fupi.

Joto linalopita kwenye dari linapimika. Unauliza: kila saa, kila kipande cha dari, linapita kiasi gani? Baba, kwa Kirusi chake, anahesabu kilokalori kwa saa kwa mita ya mraba. Seif, kwa Kiingereza chake, anahesabu BTU kwa saa kwa futi ya mraba. Joto ni lile lile, lakini moja ya Seif ni kama mbili na pointi saba za Baba. Siku hizi watu wanatumia wati, wamestarehe.

Baba akapanda na vipimajoto vyake, akapiga hesabu zake kimyakimya.

Ijumaa, tumeshakula, kahawa inazunguka, akamgeukia Seif.

"Ishirini," akasema.

"Ishirini, Ammi?" Huku baba mkwe tunamwita Ammi.

"Ishirini."

"Inshallah."

Basi. Hakuna aliyeuliza ishirini ya nini. Mkwe atamhojije baba mkwe mbele ya kahawa?

Seif akaenda Ghala, mtaa wa viwanda, akakatiwa mabamba ya povu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya. Membamba, maana hesabu yake ilimwambia joto si kubwa. Yakatandazwa juu ya dari, vigae vikapangwa juu yake, na Bibi akapandishwa chumbani kwa mbwembwe.

Kesho yake jioni akaniita. "Mke mwenzangu!" Ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu. "Mwambie mume wetu anitie na tui la nazi kabisa. Nnaiva na nnaanza kunukia."

Tukacheka. Kisha nikaona begi dogo liko kitandani, limefungwa.

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alikuwa anaifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Seif akapanda juu ya paa, akainua kigae kimoja, akakaa analitazama lile povu. Baba akamfuata. Nami nikapeleka maji.

"Ammi, nisamehe. Kwa joto la saba, haya mabamba yalitosha."

"Saba? Saba umeitoa wapi?"

"Kwenye ishirini yako. Niligawa."

"Ukagawa kwa nini?"

"Nilizigeuza kalori zako ziwe BTU."

Baba akavua kofia, akajikuna kichwa. "We Seif. Mimi nilipata hamsini na nne za kalori. Nikagawa mwenyewe, nikakupa ishirini ya BTU, usije ukahangaika."

"Nami sikuuliza, Ammi, usije ukadhani siziwezi kalori."

Wakatazamana. Kisha Baba akacheka kicheko ambacho sijakisikia kabla, cha mvulana, na Seif akamfuata mpaka akakaa chini.

"Nyie huko juu!" Bibi akapaza sauti. "Mnacheka nini nami nnaungua?"

Baba akashuka akampigia mama yake magoti, ampe mpaka Ijumaa ijayo. Akapewa, kwa masharti na matusi madogo ya mapenzi.

Safari hii Ghala walikwenda pamoja. Njia nzima, nasikia, walikuwa wanabishana. Mabamba yaliyorudi yalikuwa manene karibu mara tatu ya yale ya mwanzo.

Asubuhi baada ya kazi kwisha, Bibi alishuka kajitanda kanga mbili.

"Nna baridi," akasema. Baba akabadilika rangi.

"Mpigieni simu mwanangu Bustan. Aniletee begi langu lile kubwa."

Wakuu, nilichojifunza: namba isiyotajwa kipimo chake ni mgeni asiyetaja kwao, kila mtu atampa kabila analotaka. Na mapenzi yasiyouliza yanaweza kumpika unayempenda.

Je, kwenu adabu imewahi kuwaunguza? Barazani pana nafasi, semeni. Ila mkija na namba, tajeni ni za nini.