Salamu kutoka Ng'ambo

Redio yetu ilikuwa na betri kubwa kama tofali, na mtu wa ndani yake alisema Kiswahili kizuri kuliko mwalimu wetu. Hapa Ruiru ilikuwa marufuku kumsikiliza. Alitangaza kutoka nchi ya mbali iliyokwisha kujitawala, na kila jioni alianza hivi: "Hamjambo, ndugu zetu. Hata nchi iwe ndogo namna gani, haiko peke yake."

Homgadi, wale walinzi wa serikali kijijini, wangemsikia, baba angepelekwa kizuizini. Kwa hivyo tulifunga mlango na kuifunika redio blanketi. Shida ilikuwa nyanya yetu, Cucu. Kwake, salamu isiyojibiwa humfuata mwenye nyumba mpaka kitandani, kwa hivyo aliitikia, tena kwa sauti.

"Cucu, huyo hakusikii," nikamwambia.

"Nyamaza, kichwa maji. Amenisalimu."

Jioni moja ukungu ulishuka kutoka mashamba ya kahawa, hata mbwa wakanyamaza. Baba alimziba nyanya mdomo kwa kiganja, akimwomba msamaha kwa macho. Redio ikasema, "Hamjambo, ndugu zetu."

"Hatujambo," mtu akajibu.

Hakuwa mmoja wetu. Jibu lilitoka nje, nyuma ya ukuta, karibu na sikio langu. Kupitia ufa niliona kofia ya homgadi na pumzi yake nyeupe. Baba akanyoosha mkono azime redio.

"Wacha," akanong'ona yule wa nje. "Ongeza kidogo. Huku sisikii vizuri."

Baba akaondoa blanketi.