Dakika Mbili za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ana kikohozi ambacho si ugonjwa. Akitoka kwake asubuhi kuja upande wetu, anakohoa mara mbili akiwa bado ng'ambo ya migomba, ili nijue anapita, nami nipate nafasi ya kumpisha. Huku kwetu Kyela, kwenye familia zilizoshika mila, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtazami, haongei naye, hali chakula mbele yake, jina lake halitamki. Akisikia anakuja, anaingia shambani, anasimama nyuma ya mkakao mpaka mzee apite. Wengi siku hizi wameacha. Mimi niliolewa kwenye nyumba ambayo haijaacha, na kwa miaka kumi na tisa upande huu wa kata ya Bujonde nimemfahamu mzee yule kwa kikohozi chake, kwa mlio wa fimbo yake, na kwa mgongo wake akishapita.

Nasema mapema, asije mtu akanionea huruma. Sikuwahi kuona ni mateso. Mzee naye ananipisha: akisikia nipo kisimani huzunguka kule kwenye majaruba ya mpunga, mbali kweli, na miguu yake ile mibovu. Miaka yote hiyo hakuwahi kunipandishia sauti kwa sababu hakuwahi kuniambia neno lolote. Nawajua wanawake ambao wangetamani wakwe wa namna hiyo.

Uchaguzi uliopita nilichaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Mwanamke wa kwanza, na nafasi hiyo niliipigania. Wakati wa kampeni bwana mmoja alisimama akaniuliza mbele ya watu mume wangu atakula nini nikiwa mikutanoni. Nikamjibu, "Atakula alichopika." Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, na mume wangu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akainua mkono kusema kwamba wali wake hauungui. Nadhani kura nyingi nilizipata pale pale.

Kushinda ni jambo moja. Kuonekana kwamba umeshinda, loo, hilo ni jingine! Wiki ya pili alikuja afisa kutoka wilayani. Akashuka kwenye gari, akampa mkono mtendaji wa kijiji, akampa mkono mzee mmoja aliyekuwa anapita tu na jembe lake, kisha akanigeukia mimi: "Mama, tusaidie maji ya kunywa." Nikampa maji. Alipokuwa katikati ya glasi nikamwambia, "Karibu kijijini, mheshimiwa. Mwenyekiti uliyekuja kumwona ni mimi." Maji yakampalia, akakohoa mpaka dereva akaja kumpiga mgongoni.

Hayo nilikuwa nacheka. Mengine yalinikera. Kwenye vikao nikisema jambo, kimya, mwanamume akilirudia lile lile, "Hapo umenena, mzee." Nikikaza sauti, naambiwa nina hasira za kike. Mwenyekiti aliyenitangulia alikuwa akipiga meza mpaka kalamu zinaruka, na wao wakimwita shupavu. Huyo wa zamani bado alikuwa mjumbe kwenye halmashauri ya kijiji, na kila nikifungua kikao alikuwa akitabasamu vile unavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Tumsaidie mama," ndilo lilikuwa neno lake. Nani alikuambia nahitaji msaada? Mtu humsaidii kwa kumkatiza kila sentensi.

Basi niliweka sheria moja tu. Kwenye mkutano mkuu kila msemaji ana dakika mbili, mtendaji anazipima kwa simu yake, ikilia, unakaa. Niliiweka kwa ajili ya wanawake. Wana mpunga wa kufukuzia ndege, wana watoto wa kulisha, na wazee wetu wakishika neno hawaliachi. Ikifika zamu ya mama mmoja kusema, nusu ya akina mama wameshaondoka. Wanaume walinuna. Mwenyekiti wa zamani alisema hata kanisani mchungaji hapimiwi kwa simu.

Sasa lilikuja suala la kiwanja. Kando ya zahanati yetu kuna eneo la kijiji, tupu, limeota majani. Mimi na akina mama tulitaka pajengwe wodi ya wazazi. Mwenyekiti wa zamani na wenzake walitaka ghala la kakao. Siwezi kusema uongo, ghala nalo tulilihitaji, kakao yetu inaota ukungu kila masika. Lakini pale zahanati mwanamke anajifungua kwenye chumba chenye pazia tu, na upande wa pili wa pazia wamekaa watu wanasubiri dawa ya malaria. Mwanangu wa mwisho nilimzaa pale. Niliuma kanga ili jirani yangu aliyekuwa kwenye benchi asinisikie, na jirani yule alinisikia vizuri sana, maana kesho yake alinipa pole kwa urefu.

Mkutano mkuu ndio ungeamua. Kwa utaratibu, mwenyekiti asipokuwepo au akiondoka, wananchi humchagua mmoja wao aongoze siku hiyo. Nadhani unaona njia ilipopitia. Kunishinda kwa hoja kulikuwa na mashaka, akina mama walikuwa wamejipanga. Kuniondoa kitini kulikuwa rahisi. Angeletwa tu baba mkwe wangu.

Mzee hakuwa amekanyaga mkutanoni tangu nichaguliwe. Hakuna aliyemkataza, alijizuia mwenyewe ili nisitaabike. Mwenyekiti wa zamani alilijua hilo, na siku ya mkutano alituma pikipiki ikamchukue.

Tulikutana shuleni, kwenye madarasa mawili yasiyo na ukuta katikati, kwa sababu mvua ya Kyela haina masihara. Mlango ulikuwa mmoja, pale mbele ubaoni, hatua nne kutoka meza yangu. Watu walijaa mpaka madirishani. Nilikuwa nimeshafungua mkutano na kusoma ajenda, mtendaji amekaa kushotoni kwangu na simu yake mezani, niliposikia pikipiki inazimwa nje. Kisha nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Yesu wangu! Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuinuka kabla mimi sijaamua. Miaka kumi na tisa si mchezo, mwili unajifunza. Nikawa nimeshika ukingo wa meza, nusu nimekaa, nusu nimesimama, na watu wote wananitazama, wengine wameshajiziba midomo. Mwenyekiti wa zamani, kwa ile sauti yake ya upole, akasema, "Dirisha hilo hapo, mama. Halina nondo. Sisi tutaendelea, usijali."

Darasa likaangua kicheko. Hata wanawake wawili watatu walicheka, na hao ndio walionikata maini. Nikaona waziwazi kwamba nikiinuka leo, nitakuwa nainuka kila mkutano. Ikitokea ajenda ambayo mtu haipendi, atatumwa mwendesha pikipiki. Na miaka mingi baadaye mwanamke mwingine akitaka kugombea, wataambiana, mnamkumbuka yule aliyetorokea dirishani?

Nikakaa. Nilikaa kwa nguvu mpaka kiti kikalia. Nikavuta kanga kutoka mabegani nikajifunika kichwa, nikainamisha macho kwenye karatasi ya ajenda, nikayaacha hapo hapo. Hiyo ndiyo heshima niliyoweza kumpa mzee, sikuwa na nyingine. Kicheko kikakatika. Mkamwana amesikia kikohozi na hakuondoka. Nilisikia mama mmoja nyuma anasema kwa Kinyakyusa kwamba leo tutaona mambo.

Fimbo ikaingia. Ko, ko, ko. Ikasimama. Mzee alikuwa amefika, na kutoka mlangoni alikuwa ananiona. Nilikuwa naogopa, kwa nini nifiche? Naweza kugombana na kijiji kizima nikalala usingizi. Lakini kumvunjia heshima mtu ambaye miaka yote hiyo amezunguka majaruba kwa ajili yangu, hilo lilinitia uchungu kweli kweli.

Nikasikia kiti kinaburutwa sakafuni, kile kiti cha mwalimu kilichokuwa kando ya ubao. Kinaburutwa, kinageuzwa, kisha mzee anaketi kwa kile kishindo cha watu wazima. Nikathubutu kuinua jicho kidogo. Nikaona mgongo wake. Mgongo ule ule, koti lile lile la kijivu. Alikuwa ameketi mbele ya meza yangu, amenipa mgongo, amewatazama watu wote usoni.

Kisha akanyoosha mkono juu.

Kama anataka kusema, lazima aruhusiwe, na wa kumruhusu nilikuwa mimi, na mimi sijawahi kumwambia neno. Mtendaji akanitazama, akaitazama simu yake, akanitazama tena. Mzee hakushusha mkono. Akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya kuchoka choka, "Mwenyekiti."

Ndilo neno la kwanza aliloniambia maishani mwangu.

Nikasema, nikiiambia karatasi, "Mwananchi aliyeketi mbele, una dakika mbili."

Mtu mmoja akaguna kama amechomwa mwiba. Mzee akaanza. "Aliyeniletea pikipiki ameniambia mkamwana wangu ananiita. Nikajua hapo hapo ni uongo. Huyu ana adabu, hawezi kuniita. Nikapanda hata hivyo, nije nione ninaitiwa nini. Sasa nimeona. Mmenileta nimfukuze mtu kitini. Mimi nimegeuka. Mwingine aliyekuja kumtazama akikimbia, naye ageuke, akatazame mvua."

Mwenyekiti wa zamani akaanza kusema, "Baba, sisi tulikuwa..." Mzee akagonga fimbo. "Bado nina dakika yangu."

Hapo mnadhani mzee alinisaidia. Hata! Akasafisha koo, akasema, "Sasa kuhusu kiwanja. Mimi nataka ghala." Akaanza kueleza habari za ukungu, na kakao yake ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, na jinsi baba yake alivyokuwa akianika mpunga. Alikuwa anapinga wodi yangu waziwazi mbele ya watu wote, na alikuwa anapinga vizuri, mzee yule, watu walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Ndipo simu ya mtendaji ikalia.

Mzee akaendelea kusema. Mtendaji akaiacha simu ilie. Macho yote yakanirudia mimi.

Nikasema, "Muda umekwisha."

Akanyamaza. Hakugeuka, hakunung'unika. Akaweka fimbo mapajani, akasema "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, basi. Nikajifunga kanga vizuri kichwani, nikaita msemaji wa pili, mama mmoja mkunga mwenye sauti ya radi, naye alitumia dakika mbili zake mpaka tone la mwisho. Mwenyekiti wa zamani naye akasema, simu ikalia, akakaa. Angefanya nini? Mzee wa umri ule alikuwa ametii.

Tulipiga kura kwa mikono. Wodi ikapita. Kwenye mikono iliyotaka ghala nilihesabu na wa mzee, umenyooka hasa, na mtendaji akauandika pamoja na ile mingine iliyoshindwa.

Kuna jambo linaniudhi mpaka leo, niliseme. Nilikuwa nimeshakaa kabla mzee hajageuza kiti. Nilikaa peke yangu, na woga wangu, wakati hakuna mtu aliyenigeuzia kitu. Lakini wakisimulia kisa hiki huku kwetu wanaanzia kwenye kiti cha mzee, kana kwamba mimi nilikuwa mfuko wa mpunga uliowekwa mezani. Kwa hiyo nakiandika mwenyewe, kwa mpangilio wake. Kwanza nilikaa mimi. Halafu akageuka yeye.

Wodi imefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Matofali tuliyabeba wenyewe, na wanaume pia waliyabeba, hata waliotaka ghala. Nikipita pale natembea polepole makusudi.

Asubuhi iliyofuata baada ya mkutano ule nilikuwa nageuza kakao kwenye mkeka. Nikasikia kikohozi ng'ambo ya migomba. Mara mbili. Nikaacha nilichokuwa nafanya, nikaingia nyuma ya mkakao kama siku zote, nikasubiri apite. Fimbo ikaja, ikafika usawa wangu, ikasimama. Haikuwahi kusimama pale.

"Dakika mbili!" mzee akaiambia fimbo yake. "Mimi! Sikuwa hata nimefika kwenye hoja yenyewe."

Niliuma kanga nisicheke. Nilidhani amemaliza.

"Yule wa zamani angeniacha niseme mpaka jioni," akasema. Akaigongesha fimbo chini. "Ndiyo maana hatukujenga kitu."

Akakohoa mara moja zaidi, akaenda zake.