Wadau wa Nyumba ya Mama

Mimi siwezi kusikiliza taarifa ya habari nimekaa. Nasimama, natembea kutoka jikoni hadi mlangoni, nabishana na msomaji ambaye hanisikii. Akisema wachuuzi "wameondolewa ili kuboresha mandhari", namwuliza kwa sauti ni nani aliyewaondoa na mbona hatajwi. Wanangu wamezoea, wanaongeza sauti ya televisheni tu. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari huku Kisauni, na nyumbani kwangu ni Mjambere. Kwa miaka mingi nilidhani kuudhika huku ni maradhi ya walimu, hadi maneno ya namna hiyo yalipovuka kivuko yakaenda kwa mama yangu.

Nyumba ya mama ilikuwa Likoni, ndani kidogo ukitoka barabara kuu. Babu mzaa baba ndiye aliyeijenga kwanza, ya udongo na makuti. Baba akaweka mawe na mabati. Mama akaongeza kibaraza cha saruji, na hapo ndipo alipokaa kila asubuhi akichambua mchicha na kumwamkia kila apitaye, hata wale asiowajua. Hati ya ardhi haikuwahi kuwepo, kwake wala kwa jirani yeyote. Hakuna aliyetuuliza hati wakati tulipokuwa tukizikana nyuma ya nyumba zetu, na sisi hatukuona haja ya kumwuliza mtu.

Kisha zikaja habari za barabara mpya ya malori, nasi tukaitwa kwenye mkutano katika uwanja wa shule ya msingi.

Aliyetumwa mara ya kwanza alikuwa kijana kutoka bara, amevaa buti na koti la kung'aa kwenye jua lile. Hakusalimia wazee wala hakuomba radhi. Alishika kipaza sauti akasema, "Mimi sina maneno mingi. Hii barabara inapita hapa. Hii manyumba yote iko kwa laini itabomolewa. Sitaki mtu aseme hakuambiwa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Habari yenyewe haikumchekesha mtu, kilichochekwa ni Kiswahili chake. Mzee mmoja mwenye bakora akasimama, akangoja watu wanyamaze, akasema taratibu, "Mwanangu, nenda kwanza ukafunzwe kuamkia watu. Ukishajua, rudi utwambie hayo manyumba yako." Watu wakacheka hadi wengine wakajifuta machozi. Kijana alijaribu kuonyesha ramani yake, hakuna aliyesogea kuitazama. Alikunja ramani, akapanda gari lake akaenda zake.

Tulirudi nyumbani kifua mbele. Mama alimwigiza yule kijana kwa kila mgeni aliyekuja wiki ile, na mimi nilikuwa nikicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza nasikia. Ndivyo tulivyo. Watu wa pwani tunakiona Kiswahili kuwa chetu, tumekirithi pamoja na visima na makaburi, na mtu akikivunjavunja mbele yetu tunaona hana la kutuambia. Tulikuwa tumemshinda kwa ulimi, tukadhani tumeishinda na barabara.

Mara ya pili walimtuma mtu wa kwetu. Huyu alikuja na kanzu nyeupe na kofia ya vito iliyodariziwa, akashuka garini polepole, akaanza kwa wazee mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Aliposhika kipaza sauti alitoa salamu kamili, akawaamkia wazee, akawageukia wanawake. "Mama zangu, mimi ni mtoto wenu. Nikikosea, nifunzeni." Nilimwona mama akitabasamu kabla hajasikia chochote.

Alizungumza vizuri sana, sina budi kusema hivyo. Kila sentensi ilikwenda kwa mwendo wake hadi ikatua. Alisema sisi ndio wadau wakuu wa mradi. Alisema makaazi yetu, ingawa si rasmi, yana historia inayoheshimika. Alisema mradi utawafungulia vijana milango. Mwishoni kabisa, kwa sauti ya mtu anayeomba kikombe cha maji, akasema, "Twawaomba ndugu zetu walio kwenye njia ya mradi, kwa hisani yao, waupishe."

Nilitazama kulia na kushoto nione kama kuna mwingine aliyesikia. Wazee walikuwa wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Niliinua mkono, lakini yeye alikwisha kumwomba mzee mwenye bakora atuombee dua, mradi uanze kwa heri na umalizike kwa heri. Mikono yote ikainuka. Wangu nao ulikuwa juu tayari, kwa hiyo sikuwa na la kufanya nao ila kuufungua. Nani atakata dua ya mzee kwa swali? Tukasema Amin, mara nyingi na kwa sauti, maana mzee yule dua zake ni ndefu.

Kesho yake kwenye kundi letu la WhatsApp la majirani kulikuwa na taarifa yenye picha. Mikono yetu ilionekana vizuri. Chini yake waliandika kwamba wakaazi wameuridhia mradi na kuuombea dua. Majirani wakajibu kwa maua na viganja vya kuomba. Nilivuka feri jioni ile ile nikiwa nimewaka.

Mama alikuwa kibarazani. "Kalelewa yule wa kanzu," aliniambia hata sijakaa. "Wamuona adabu yake?"

"Mama, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Katuomba tupishe."

"Ndiyo, mama. Ni nyumba yako itakayovunjwa."

"Hakusema kuvunja. Yule wa kwanza, asiyejua kusema, ndiye aliyesema kuvunja. Huyu kasema tupishe, tena kwa hisani yetu."

Nilisimama. Nilikwenda hadi kwenye mtungi, nikarudi. "Mtu akikuomba umpishe mlangoni," nikamwambia, "akishapita, wewe warudi pale pale ulipokuwa. Malori yakishapita hapa, wewe utarudi wapi?"

Aliendelea na mchicha wake, lakini mikono ilipunguza mwendo. Baadaye akauliza, "Na mdau ni nani?"

"Mtu mwenye maslahi katika jambo fulani."

"Ahaa. Kwa hivyo yule mwenye barabara ni mdau, mwenye malori ni mdau, na mimi ni mdau."

"Ndivyo wasemavyo."

"Tangu lini mwenye nyumba akawa mdau wa nyumba yake?" Kisha akanikazia macho. "Na usinipigie makelele. Mimi si mwanafunzi wako."

Tangu siku hiyo sikutulia. Neno lile la kupisha lilinifuata kila nilikokwenda. Nililisikia redioni, nikaliona kwenye bango, nikalikuta hata katika insha ya mwanafunzi wangu aliyeandika kwamba familia fulani "ilipisha maendeleo". Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi nikashindwa nimkosoe vipi, maana sentensi yake haikuwa na kosa. Nikampa alama zake. Usiku nililala vibaya. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hawakuleta neno kutoka mbali. Walilichukua katika adabu zetu wenyewe, neno tunalomwambia mtu tukiwa na sinia mikononi, wakalirudisha kwetu likiwa limebeba tingatinga.

Majirani nao hawakutaka kusikia. Nikisema "kuvunjwa" kwenye kundi, kuna mtu ataniandikia kwamba mwalimu apunguze ukali, tusiwatie watu hofu. Jirani mmoja alinipigia simu kunisihi nitumie lugha nzuri, wakubwa wasije wakadhani sisi ni watu wa fujo. Nilikasirika hadi nikatoka kwenye kundi, kisha nikaona haya nikaomba kurudishwa.

Baada ya mvua walikuja vijana na rangi. Ukuta wa mama ulichorwa alama nyekundu kando ya dirisha. Mmoja wao alisema "samahani mama" kabla ya kuchora, na mama akamjibu "si kitu", kwa mazoea tu. Ilipokauka ile rangi ndipo alipoingia ndani akavaa buibui lake la kutokea. Alinipigia simu akasema, "Nipeleke kwao. Nataka kuuliza swali moja."

Ofisi ya mradi ilikuwa Changamwe, kontena lililotiwa kiyoyozi, malori ya mafuta yakinguruma nje bila kukoma. Mtu wetu wa kanzu alitupokea kwa furaha ya kweli. Alimvutia mama kiti, akatuletea maji baridi, akauliza hali ya miguu yake. Mama hakuyagusa maji.

"Mwanangu, nyumba yangu yavunjwa au haivunjwi?"

"Mama yangu, hilo ni neno zito. Sisi hapa hatuvunji. Sisi twaboresha."

"Yangu mimi. Yavunjwa au haivunjwi?"

"Kuna mchakato, mama. Kila mtu atashirikishwa. Wewe vuta subira, inshallah mambo yatakuwa sawa."

Aliuliza tena, na yeye akajibu tena, kila mara kwa upole zaidi. Nilitaka kugonga meza. Mama alinishika mkono, akashukuru, tukatoka.

Nje, kwenye kivuli cha gari, yule kijana wa bara alikuwa amechuchumaa akila viazi karai kwenye karatasi. Sikumtambua. Mama ndiye aliyemtambua, akamwendea moja kwa moja. Kijana aliinuka haraka, akijifuta mafuta midomoni.

"Nyumba yangu yavunjwa au haivunjwi?" Mama akamwonyesha kwa maneno ilipo, nyuma ya kisima, yenye kibaraza.

Kijana alimeza kilichokuwa kinywani. "Inabomolewa, mama," akasema. "Yote. Haibaki hata ukuta. Wewe tafuta pahali mapema, usingoje."

"Ahsante, mwanangu," mama akamwambia.

Tuliingia kwenye feri, tukasimama katika msongamano. Nilimpokea mama mkoba wake. Alikuwa akitazama mbele, Likoni. "Yule ndiye tuliyemcheka," alisema.

Mkutano wa mwisho ulifanyika uwanja ule ule, safari hii kwa turubai kubwa na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Kulikuwa na mgeni mkubwa, walinzi wake, na wapiga picha. Mtu wetu ndiye aliyeongoza. Wazee walisema, wakashukuru kwa kualikwa. Kijana mmoja aliuliza habari za ajira, akaahidiwa. Mama alikuwa kando yangu, mtandio umemfunika hadi kwenye paji la uso. Aliposikia "mama zetu nao wapewe nafasi", alisimama kabla kipaza sauti hakijamfikia.

Sijapata kumwona mama akisema mbele ya watu bila salamu. Mtoto wa miaka miwili akiingia nyumbani kwake bila kuamkia, humrudisha mlangoni aanze upya. Siku ile hakumwamkia mzee wala mgeni. Wanawake wa safu ya mbele waligeuka kumtazama kana kwamba amevua nguo.

"Mimi sipishi," alisema. "Nafukuzwa. Nyumba aliyojenga baba mkwe wangu yavunjwa, mume wangu kazikwa nyuma yake, na mimi nafukuzwa, sina pa kwenda. Hivyo ndivyo muandike. Msiandike kwamba nimepisha. Andikeni mama huyu kafukuzwa."

Mzee mwenye bakora aliinamisha kichwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano aliinua kalamu, akamtazama mtu wetu kwanza. Mimi nilijikuta nimesimama, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze niliona neno limekaa mahali pake. Niliona fahari, na niliogopa vilevile.

Mtu wetu alichukua kipaza sauti. Tabasamu halikumtoka hata kidogo. Aliweka mkono kifuani, akamwinamia mama kwa heshima.

"Mashallah," akasema. "Mama yetu ametoa maoni yake kwa uwazi kabisa. Huu ndio ushirikishwaji wa wananchi tunaoutaka. Hebu jamani, tumpigie mama makofi."

Mgeni mkubwa ndiye aliyeanza. Wakafuata walinzi, wazee, wale wanawake wa mbele, majirani zetu wote, nao walipiga kwa nguvu, kwa nyuso za watu waliotua mzigo. Mwanamke wa kumbukumbu aliweka kalamu chini ili apate kupiga naye. Mpiga picha alisogea karibu.

Mama alibaki wima katikati ya makofi, akitazama uso hadi uso, majirani aliowapikia na kuwazikia. Kisha akanigeukia.

"Hawa wanipigia makofi ya nini?" akaniuliza.