Shairi la Geti la Kiwanda

Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari yetu alikuwa na ugonjwa mmoja: kuhesabu mizani. Hata matangazo ya mkuu wa shule aliyapima kwa vidole, wanafunzi wakambandika jina la Mizani. Hakuwa na mke. Ndugu yake wa pekee alikuwa mdogo wake wa kike, fundi cherehani, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutunga mashairi tangu utotoni.

Asubuhi moja aliitwa ofisini kwa mkuu. Wageni wawili wakampa karatasi iliyobanduliwa kwenye geti la kiwanda cha ngozi.

"Mwalimu, tunasikia shairi kwako halina siri. Hebu tuchambulie hili."

Akasoma mstari wa kwanza: *Mto mmeutilia, sumu iliyotuua.* Kichwa kikamvimba.

"Mishororo minne kila ubeti, kwa hiyo tarbia. Mizani nane kwa nane, haikupungua hata moja. Vina vya kati *lia*, vya mwisho *ua*. Tena tazameni: neno linalofunga ubeti ndilo linalofungua unaofuata. Hilo ni pindu. Ila mshororo wa mwisho umekatwa makusudi, mfupi kuliko wenzake. Huo ni msuko."

"Wanaochanganya vyote viwili ni wengi?" mgeni mmoja akauliza huku akiandika.

"Ah, wachache mno! Huyu kafundwa akafundika..."

Akakatiza hapo. Yeye alimjua mmoja tu aliyetunga hivyo.

"Endelea, mwalimu."

"Yaani... siku hizi hata wanafunzi hutunga hivyo."

"Wanafunzi wako?"

Akawarudishia karatasi yao. Wakamshukuru, wakampa mkono.

Kengele ilipolia hakuingia darasani. Alikwenda mbiombio hadi chumba cha ushonaji cha mdogo wake, wala njiani hakutazama nyuma.

"Mdogo wangu, toka hapa. Sasa hivi!"

"Kulikoni, kaka? Nina sare za watu."

"Wameniletea shairi. Nimelichambua kabla sijajua ni lako."

Akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. "Umewaambia nini?"

"Pindu. Na msuko."

"Basi umewatajia jina langu," alisema bila hasira, akaanza kukunja kitambaa. Hakumaliza. Gari lililomfuata kaka yake tangu shuleni lilikuwa limeshasimama mlangoni.

Walichukuliwa wote wawili. Mwalimu aliachiwa jioni ileile, akaambiwa amesaidia sana. Tangu hapo kila akienda kituoni kumuulizia mdogo wake, askari humjibu kwamba hapana mtu wa jina hilo, tena asizoee kuja.